Uzi: Je, una haki ya kutembea na bunduki barabarani? (Mazungumzo ya Embu)

Kama ada ya uzi huu, simtaji mwanasiasa wala chama. Haya ni maneno niliyozungumza mjini Embu mbele ya vijana, wazee wa nyumba kumi na akina mama wa soko. Nimeyanyoosha kidogo tu ili yasomeke.

Hamjambo nyote. Na waliotoka upande wetu wa mlima, muga.

Nimeitwa nizungumzie bunduki. Mnajua mambo yanavyokwenda. Ng'ombe wakichukuliwa kule Igembe Kaskazini au Tigania, kabla hata vumbi halijatulia, mheshimiwa fulani anapanda juu ya gari na kipaza sauti: "Watu wangu wapewe bunduki wajilinde, ni haki yao!" Watu wanapiga makofi. Kesho yake mheshimiwa mwingine yuko Nairobi ndani ya suti, anasema raia hana haki ya kushika hata risasi moja. Huko nako wanapiga makofi. Cha kuchekesha ni kwamba huyo wa pili ana walinzi wawili wenye bunduki nyuma yake, na huyo wa kwanza, ukimpapasa kiunoni, si ajabu ukakuta mguu wa kuku.

Sasa tulichambue hili neno "haki", maana hapo ndipo tunapochezewa.

Chukua Katiba yetu ya 2010, fungua Sura ya Nne. Utakuta haki ya kuishi, Kifungu cha 26. Utakuta Kifungu cha 29, kwamba usitendewe ukatili wowote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Utakuta haki ya kumiliki mali, Kifungu cha 40, na ng'ombe ni mali, hakuna Mmeru wala Mmbeere atakayebisha hapo. Lakini tafuta mpaka macho yaume, hutakuta haki ya kuwa na bunduki. Silaha unaikuta Kifungu cha 37, kile cha maandamano, na pale inatajwa ili ikatazwe: una haki ya kukusanyika na kuandamana, kwa amani na bila silaha. Kwa hiyo Katiba yenyewe, ikifikiria watu wakiwa wengi mahali pa wazi, imewafikiria wakiwa mikono mitupu.

Basi bunduki ya raia inatoka wapi? Inatoka kwa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, sheria ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Nitairudia historia hiyo, wazee msiwe na haraka. Sheria hii haikupi haki, inakupa ruhusa. Ni lazima uoneshe sababu nzuri ya kutaka silaha, na anayekupa cheti aridhike kwamba wewe si mlevi wa kupindukia, akili yako ni timamu, na hutahatarisha usalama wa watu. Tangu mabadiliko ya sheria za usalama ya 2014, kazi hiyo iko mikononi mwa Bodi ya Leseni za Silaha. Mwishoni mwa 2018 bodi iliwaita wote wenye leseni waje wakaguliwe upya. Mtu hawezi kuitwa akaguliwe upya kama ana haki ya kuishi, si ndiyo? Uhai haukaguliwi. Leseni inakaguliwa, na inaweza kufutwa.

Na silaha nzito nzito, AK-47, G3 na jamaa zake, hizo ni habari nyingine. Ukikutwa nayo bila idhini, sheria hiyohiyo inaweza kukupeleka kifungo cha maisha. Kwa hiyo mheshimiwa anaposema "kila boma liwe na AK", anawaambia vijana wetu watafute kifungo cha maisha, na yeye hatakuwa kizimbani nao.

Mtu ataniuliza: sawa, nimepata leseni ya bastola. Je, naweza kutembea nayo sokoni, kwa matatu, kanisani?

Hapa Kenya leseni ya bastola kwa kawaida hutolewa kwa ajili ya kujilinda, na mtu huwa anatembea nayo, ikiwa imefichwa. Hilo watu wengi hawalijui. Tunabishana kama raia aruhusiwe kubeba bunduki hadharani, kumbe raia kadhaa wanabeba tayari, ila ni wale wenye pesa, wenye biashara kubwa, wenye kujuana na wakubwa. "Sababu nzuri" ya mfanyabiashara wa Nairobi inaeleweka upesi. Sababu nzuri ya mchungaji wa Ndumuru, ambaye amezika ndugu, inachukuliwa kuwa fujo. Hilo linaniuma, na sitaki mtu anifunge mdomo nikilisema. Sheria ni moja, lakini mlango wake una kimo. Mrefu anapita wima, mfupi wa mfuko anagonga hata kizingiti hakifikii.

Fikirieni hata biashara zetu. Mnunuzi wa miraa wa Maua au Laare anatembea na pesa taslimu, na miraa haingoji. Ikikauka ni majani tu. Gari linaondoka mbio kuwahi Nairobi. Huku Mbeere, muguka ni vilevile, Kiritiri na Siakago mnajua asubuhi inavyokuwa, noti mkononi, kila mtu anaona nani amelipwa. Mtu kama huyo akiomba bastola, si mwendawazimu. Ana hoja.

Lakini kuna sheria nyingine ambayo wanasiasa hawaitaji, na mimi naipenda kuliko zote. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 88. Inasema kwa ufupi hivi: mtu akitembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, ametenda kosa, na silaha yake inaweza kuchukuliwa. Haikusema bunduki. Imesema silaha. Sasa jiulize, mbona hatujafungwa sote, maana nani hapa hajabeba panga? Mzee anatoka Runyenjes na panga begani anaenda kukata nyasi, anapitia dukani, ananunua sukari, hakuna anayekimbia. Panga hilohilo likishikwa na vijana hamsini kwenye lori siku ya mkutano wa siasa, mama anafunga duka. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni shughuli na hofu. Kifungu cha 88 kinauliza mambo hayo mawili tu: una shughuli gani, na umewatia watu hofu?

Maneno hayo yana umri. Uingereza, mwaka 1328, ilipitisha sheria huko Northampton kukataza watu kutembea na silaha kwenye masoko na maonyesho, na wazo hilo la kutia watu hofu likaingia katika sheria ya Kiingereza, mkoloni akatuletea pamoja na mengine. Mengi ya mkoloni tumeyatupa. Hili tusilitupe.

Hapo ndipo vijana wa simu huniambia, "Lakini Mwalimu, Marekani wanaruhusu!" Nawajibu vizuri, maana swali ni zuri. Marekani wana Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya 1791, yanayotaja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Sisi hatuna kitu kama hicho, nimeshawaonesha. Jimbo la New York, kwa zaidi ya miaka mia, lilikuwa na sheria inayofanana kidogo na yetu: ukitaka kubeba bastola nje ya nyumba, onesha sababu ya pekee. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa sheria hiyo, majaji sita dhidi ya watatu, ikasema haki hiyo haiishii mlangoni, inatoka na mtu mpaka barabarani. Na mnajua walibishania nini humo ndani? Sheria ya Northampton ya 1328! Majaji wa Washington mwaka 2022 wanabishana soko la Waingereza la miaka karibu mia saba iliyopita lilikatazwa nini hasa. Wengi wao wakaona haikukataza kubeba silaha kwa amani. Wachache wakaona vingine.

Kwa hiyo mtu akikuletea mfano wa Marekani, usimtukane. Mwambie tu: mahakama yao ilianza na haki iliyoandikwa, ikauliza inafika wapi. Sisi tunaanza na ruhusa, tunauliza anayepewa ni nani. Jibu la kule haliwezi kupandwa huku likaota, hata kama udongo wa Nyambene ni mzuri.

Nisiwe wa upande mmoja. Kuna siku bunduki ya raia ilisaidia Kenya hii, na sote tuliona kwenye runinga. Westgate, tarehe 21 Septemba 2013. Magaidi wameingia, watu wanauawa, vikosi bado havijapangwa. Raia kadhaa wenye leseni, na askari wachache waliokuwa karibu, waliingia na bastola zao wakatoa watu, watoto kwa wazazi. Nikisema raia mwenye silaha hana faida yoyote nitakuwa nawatukana hao, na waliookolewa nao pia. Lakini kwenye tukio lilelile, afisa wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe, kwa sababu ya kutojuana nani ni nani. Hao ni watu waliofunzwa, wenye sare, wenye redio. Sasa weka watu mia wenye bastola ndani ya soko la Embu siku ya Jumamosi, mwizi afyatue moja. Nani atajua nani ni mwizi? Wewe mwenye bastola mkononi, polisi akiingia anaona nini? Anaona mtu mwenye bastola mkononi.

Turudi mpakani, maana huko ndiko watu wanakufa.

Kule mpaka wa Meru na Isiolo bunduki za kuibia ng'ombe hazina leseni. Zinapita mipaka ya nchi, zinapita mikono. Utafiti wa shirika la Small Arms Survey ulikadiria mwaka 2017 kwamba Kenya ina silaha kama 750,000 mikononi mwa raia. Zilizosajiliwa hazikufika hata elfu kumi. Soma tena hesabu hiyo. Ubishi wetu wote wa leseni unahusu kijiko kimoja, na sufuria nzima iko nje ya sheria. Kenya na majirani zake walitia sahihi Itifaki ya Nairobi, Aprili 2004, wakaahidi kuzuia kabisa raia kuwa na bunduki za kijeshi. Ahadi iko, karatasi iko. Mchungaji anaona AK kila mwezi.

Kwa hiyo anaposema "nami nipewe", hasemi kama Mmarekani anayedai uhuru wake. Anasema serikali imechelewa kufika. Ni malalamiko juu ya polisi, yamevaa nguo ya haki ya bunduki. Ukimjibu kwa mambo ya haki ya bunduki hujamjibu.

Jibu ambalo sheria yetu imeliweka ni polisi wa akiba, hawa tunaowaita NPR. Wako kwenye Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 110. Ni raia wa kujitolea, wanaishi palepale, wanajua kila njia ya ng'ombe, na bunduki wanayoshika ni ya serikali. Kwa miaka mingi walifanya kazi hiyo bila mshahara. Fikiria: unampa kijana mwenye njaa bunduki na risasi, humpi hata mia ya unga, halafu unashangaa risasi zikipungua. Mwaka 2019 serikali ikakusanya bunduki za NPR katika kaunti kadhaa kwa madai ya kutumiwa vibaya. Baadaye ikaanza kuwarudisha. Leo wanapewa, kesho wananyang'anywa, na wezi wanajua ratiba kuliko sisi.

Kuhusu kunyang'anya, jirani zetu Uganda walitufundisha somo. Karamoja, kuanzia mwisho wa 2001 na tena 2006, jeshi lilikusanya bunduki. Waliotoa mapema walivamiwa na wale ambao hawajatoa, wa ndani na wa ng'ambo ya mpaka. Hata hapa kwetu, Februari 2023, serikali ilitangaza operesheni katika kaunti sita za Bonde la Ufa, Laikipia na Samburu zikiwemo. Meru, inayopakana na Laikipia, haikuwemo kwenye orodha ile. Angalia ramani uniambie mwizi anayefukuzwa huko anakimbilia wapi.

Sasa historia niliyoahidi. Wazee hapa, nikitaja "homgadi", naona nyuso zinabadilika. Wakati wa Hali ya Hatari mkoloni aliwagawia baadhi ya watu wetu bunduki walinde vijiji dhidi ya ndugu zao walioko msituni. Walioko msituni wakatengeneza zao, bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa kuvuta. Kukutwa na bunduki kulikuwa na adhabu ya kunyongwa. Dedan Kimathi alihukumiwa kwa bastola na risasi, akanyongwa Februari 1957. Mwariama wa Meru alitoka msituni Desemba 1963, bendera imeshapanda. Ziko familia, Meru na huku Embu, ambazo mpaka leo hazikai benchi moja kwa sababu ya nani alishika bunduki ya nani. Na aliyeipata ya serikali mara nyingi ndiye aliyepata shamba. Kwa hiyo mheshimiwa akisema "tugawe bunduki kwa vijana wetu", mimi husikia neno moja tu hapo: "wetu." Wetu akina nani? Orodha ataandika nani? Kifungu cha 239 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi au kinachofanana nacho nje ya sheria, na sababu yake sisi wa mlimani hatuhitaji kusomewa.

Mmeniuliza nasimama wapi. Nasimama hapa. Sitaki bunduki za raia masokoni, kanisani, kwenye vilabu wala kwenye mikutano ya siasa, hata za wenye leseni, hata za waheshimiwa. Hasa za waheshimiwa. Aliye na leseni na hatari ya kweli abebe imefichwa, na akilewa nayo leseni ife siku hiyo. Mpakani nataka NPR, wachache, wanaolipwa, waliochaguliwa mbele ya baraza na si ofisini kwa mtu, na bunduki iwe ya kituo cha polisi. Na kanuni za Jedwali la Sita la ile sheria ya polisi ziwafunge kama polisi wengine: njia nyepesi kwanza, risasi mwisho. Najua wako hapa wanaoona nimewaacha wafugaji uchi. Nawaheshimu. Kama wana njia ya kugawa bunduki nyingi bila kurudi 1953, nitawasikiliza.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili.

Kijana mmoja, mwendeshaji boda, aliuliza: "Wakija leo usiku, nifanye nini, nisome Katiba?" Watu walicheka, mimi sikucheka. Nilimwambia sheria haikuachi ufe. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinakuruhusu kutumia nguvu kujilinda wewe na mali yako, na mahakama itaangalia kama nguvu hiyo ililingana na hatari. Mtu anayekuja kwako na silaha ni jambo moja. Mtu anayekimbia na ndama, mgongo umekuelekea, ni jambo jingine, na ukimuua utaeleza kwa jaji. Akaniambia, "Mwalimu, usiku mgongo hauonekani." Ni kweli. Ndiyo maana sitaki uamuzi huo uwe mikononi mwa kila mtu, na ndiyo maana nataka aliyefunzwa awe kilomita mbili kutoka kwake, si arobaini.

Wa mwisho alikuwa mama anayeuza ndizi, ametoka upande wa Ishiara. Hakusimama. Aliuliza tu: "Hao NPR wakipewa risasi, anayezihesabu zikirudi ni nani?" Nilimwambia zimeandikwa kwenye daftari la kituo, na swali hilo alipeleke kwa OCS mwenyewe, kwenye baraza la chifu, mbele ya watu, aombe daftari litajwe kwa hesabu. Akauliza kama ni lazima awe mzee wa kijiji ndipo aruhusiwe kuuliza. Nikasema hapana. Akasema baraza lao ni Alhamisi.